Nimeomba wanifute, wameniomba kitambulisho. PANDE ZOTE MBILI!

Kipepeo wa Lami (mleta mada):
Wakuu, mikono inatetemeka hapa kama nimeshika usukani wa pikipiki iliyolegea bolti za injini. Mnawajua wale jamaa wa tovuti ya pikipiki, siwataji. Wale ambao ukifungua tu unakutana na bango la vidakuzi (cookies, vile vifaili vya kukufuatilia) limeziba skrini nzima, KUBALI VYOTE ina ukubwa wa mlango wa gereji, KATAA imeandikwa kwa unene wa mguu wa sisimizi.

Nimechoka nao. Tangu nijisajili, wauza bima wananipigia kuliko mama yangu mzazi. Nikawaandikia kwa adabu zote: naomba mfute akaunti na kila kilicho changu. Kimya wiki tatu. Leo asubuhi, chai iko mdomoni, jibu hili hapa: "Mpendwa mwanachama, ili tuweze kufuta taarifa zako, tafadhali tutumie picha ya kitambulisho chako, pande zote mbili."

Pande zote mbili wakuu! Mimi naomba kupunguzwa, wao wananiongeza!

Hawa watu hawajawahi kujua hata jina langu. Kule naitwa hivi hivi, Kipepeo wa Lami. Anwani ya IP wanayo, aina ya simu wanayo, saa ninazoingia wanazo (saa nane usiku, ndiyo, tusiulizane), namba ya chesisi niliwapa mwenyewe kwa ujinga wangu. Kilichobaki ilikuwa sura. Sasa wanataka sura na mgongo wake. PANDE ZOTE MBILI!!

MzeeWaKlachi:
Kitambulisho chako kina jina Kipepeo? Kama hakina, watathibitisha nini sasa?

BintiGia:
Nimecheka hadi nimemwaga uji. "Mpendwa mwanachama" ndiyo imeniua.

Silensa Mbovu:
Mleta mada punguza povu. Namba ya chesisi uliwapa ya nini? Hata fundi wangu haijui, na analala na hiyo pikipiki.

Kipepeo wa Lami:
@Silensa Mbovu walisema ni kwa ajili ya kusaidiana ikiibiwa. Usinibadilishie mada. Pande. Zote. Mbili.

Wakili wa Njia Panda:
Tuwekane sawa. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi (GDPR), ile iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, kifungu cha 17 kinakupa haki ya kuomba ufutwe, na cha 12 kinawapa mwezi mmoja wa kukujibu. Wakiwa na shaka na wewe ni nani wanaruhusiwa kuomba uthibitisho, ila shaka iwe ya msingi. Kama umeandika kwa barua pepe ile ile uliyojisajilia, hapo shaka iko wapi?

Kipepeo wa Lami:
Asante wakili, ila mbona hujagusa nyuma ya kitambulisho?

Pancha Tatu:
Wewe una nafuu. Mimi nilipiga picha pikipiki ikiwa uani, lokesheni ya simu imewashwa, nikawapandishia. Akatokea mdau mmoja akachambua ile picha, akanitajia hadi nyumba. Akaniambia "geti lako linahitaji rangi". Na ni kweli linahitaji.

BintiGia:
@Pancha Tatu zima lokesheni kwenye kamera ndugu yangu. Mimi hata nikipiga picha ya tairi naizima.

MzeeWaKlachi:
Mimi kosa lao kubwa ni moja. Nilijaza kilomita za pikipiki, sasa kila mwezi wananiandikia "mnyororo wako umekauka". Wameuona wapi?

Silensa Mbovu:
Kwani haujakauka?

MzeeWaKlachi:
Umekauka. Lakini inawahusu nini?

Pancha Tatu:
Osha na petroli, piga oili, maisha yaendelee.

BintiGia:
PETROLI TENA?? Mnyororo wenye mipira ya kuzibia grisi unaupiga petroli? Inakula ile mipira, grisi ya ndani inatoka, unabaki na bangili. Tumia mafuta ya taa na brashi laini, ufute, uache ukauke, ndipo upake oili.

Pancha Tatu:
Miaka yote naosha na petroli.

BintiGia:
Na miaka yote unanunua mnyororo.

Wakili wa Njia Panda:
Hapo kwenye mafuta ya taa namuunga mkono Binti.

Kipepeo wa Lami:
Wakuu, uzi wangu ulikuwa wa kitambulisho jamani. Ila kwa kuwa mmefika huko, wangu unalia "kri kri" nikitoa gia ya kwanza. Ni ukavu au umelegea?

MzeeWaKlachi:
Tupia picha tuuone.

Silensa Mbovu:
Pande zote mbili.

Kipepeo wa Lami:
Wewe Silensa tutakutana. Upande wa ndani hauonekani, kikinga-tope kimeuziba. Lakini unalia.