Mjadala: Je, modeli za kihisabati ziamue ni ndege gani wachanjwe dhidi ya mafua ya ndege?

Mleta hoja

Ndugu wasomaji, swali la kuchanja kuku na bata dhidi ya mafua makali ya ndege limekuwa likijadiliwa kana kwamba lina majibu mawili tu, ama kuchanja ama kuteketeza, ilhali kinachoumiza vichwa pale fedha zinapokuwa chache ni hiki: wachanjwe ndege gani, wa eneo gani, mara ngapi kwa mwaka, na nani aamue. Siku hizi uamuzi huo unazidi kuegemea modeli, yaani hesabu zinazoiga ndani ya kompyuta jinsi virusi vinavyotoka banda hadi banda. Nauweka msimamo wangu wazi mapema. Naziunga mkono modeli hizo kwa dhati, lakini naamini hazistahili kuongoza chanjo mahali ambapo hakuna aliyewahesabu ndege na kufuatilia wanakosafirishwa.

Mfano ninaoutegemea ni wa Ufaransa. Katika msimu wa 2021–2022 virusi vya H5N1, aina mojawapo ya mafua hayo makali, viliingia katika mashamba zaidi ya 1,300 ya nchi hiyo, na ndege zaidi ya milioni 20 waliuawa, wengi wao wakiwa bado wazima, ili kukata njia ya maambukizi. Msimu uliofuata mashamba yaliyoambukizwa yalikuwa takriban 400. Tarehe 1 Oktoba 2023 serikali ikaanzisha chanjo ya lazima, lakini si kwa ndege wote: ilichagua bata, katika mashamba yenye bata zaidi ya 250, na kuku wakaachwa. Chaguo hilo halikuwa la kubahatisha. Uchambuzi wa modeli wa mlipuko wa 2016–2017 kusini-magharibi mwa nchi ulikuwa umeonyesha kwamba mashamba ya bata yaliambukizwa kwa urahisi zaidi, na yakaambukiza mengine kwa nguvu zaidi, kuliko mashamba ya kuku. Bata anaweza kumwaga virusi kabla ya kuonyesha dalili yoyote, na bata wanaofugwa kwa ajili ya ini huhamishwa kwa malori kutoka shamba la kukuzia hadi shamba la kunenepeshea, kila safari ikiunganisha mabanda ambayo vinginevyo yasingekutana.

Msimu wa 2023–2024 ulipokwisha, mashamba yaliyoambukizwa yalikuwa 10. Mtu mwangalifu atauliza mara moja kama hiyo ilikuwa kazi ya chanjo, kwa maana msimu huohuo milipuko ilipungua pia katika nchi nyingine za Ulaya ambazo hazikuchanja. Swali hilo ni la haki, na halijibiki kwa kuhesabu milipuko peke yake, kwa sababu Ufaransa ile isiyochanja haikuwapo ili tuitazame. Ilibidi ijengwe kwa hesabu. Watafiti wakiwamo wa chuo cha tiba ya mifugo cha Toulouse walikadiria kwamba chanjo ilizuia milipuko kati ya 314 na 756, sawa na punguzo la asilimia 96 hadi 99. Napenda upana wa makadirio hayo. Aliyetoa namba mbili zilizoachana kiasi hicho ametuonyesha mahali ambapo ujuzi wake unakoma, na huo ndio uaminifu ninaoutaka kwa kila modeli.

Sasa nieleze kwa nini hesabu hizi haziwezi kubebwa nzima na kupelekwa kwingine. Tuseme shamba moja lililoambukizwa huambukiza mengine manne. Ili ugonjwa ufifie, kila shamba linapaswa kuambukiza pungufu ya moja, na kwa hiyo zaidi ya asilimia 75 ya mashamba yawe na kinga. Ukichanja asilimia 80 kwa chanjo inayofanikiwa mara 8 katika kila 10, kinga halisi ni asilimia 64 tu, na ugonjwa unaendelea. Hapo bado hujamhesabu kifaranga aliyeanguliwa wiki mbili baada ya wachanjaji kuondoka, wala kuku wa nyama anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita, ambaye kinga yake huwa haijakomaa vizuri kabla ya kufika jikoni. Katika ufugaji wa nyumbani ndege hubadilika haraka kiasi kwamba kampeni iliyofana mwezi wa kwanza inaweza kuwa haina maana mwezi wa tano. Misri ilianza kuchanja mwaka 2006, ikajaribu kuwafikia hata kuku wa majumbani, na mwaka 2009 ikaiacha sehemu hiyo ya majumbani. Virusi vilibaki, na watu zaidi ya 350 wameripotiwa kuambukizwa H5N1 nchini humo tangu mwaka huo wa 2006.

Kuna hatari nyingine inayonitia hofu zaidi ya chanjo kukosa nguvu, nayo ni chanjo kuwa na nguvu nusu. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza walionyesha kwa modeli kwamba kundi lililochanjwa pungufu linaweza kuambukizwa bila vifo vinavyoonekana, mfugaji asishtuke, na virusi vikasafiri kimyakimya. Modeli hiyohiyo ilionyesha kwamba kuwaacha ndege wachache wasiochanjwa ndani ya banda, ili vifo vyao viwe kengele, kunaweza kuipunguza hatari hiyo. Ufaransa haikuchanja na kwenda kulala: mabanda yaliyochanjwa hupimwa mara kwa mara, na ndege waliokufa huchukuliwa sampuli. Gharama za mwaka wa kwanza zilikuwa takriban euro milioni 100, na serikali ilibeba asilimia 85. Hata hivyo Marekani iliweka vizuizi dhidi ya bidhaa za ndege kutoka huko mara chanjo ilipoanza, kwa hofu ya maambukizi yasiyoonekana.

Nauliza, basi: je, nchi ambayo haina orodha ya mashamba yake wala haijui njia za ndege wake ipange chanjo kwa modeli, au ianze kwanza kuhesabu?

Mchangiaji wa kwanza, mfugaji wa kuku wa mayai

Ndugu mleta hoja, nimekusoma mpaka mwisho na nakushukuru. Mimi nafuga kuku wa mayai mkoani Pwani, nami nitasema tu yale niliyoyaona bandani. Modeli yako inahesabu mashamba na malori, lakini haimhesabu mfugaji aliyeingiwa na hofu. Kuku wakianza kufa usiku, asubuhi mwenye banda hampigii simu daktari wa mifugo. Anampigia mchuuzi, na ikifika jioni kuku waliobaki wamo kwenye matenga wakielekea sokoni, bado wanatembea, bado wanaonekana wazima. Nimefanya hivyo mwenyewe mwaka mmoja, kwa ugonjwa ambao sikuwahi kuambiwa jina lake, na sikujisikia mhalifu, kwa sababu niliyekuwa nadaiwa chakula cha kuku ni mimi na hapakuwa na mtu wa kunifidia. Nimeelewa baadaye kwamba kwa mkono wangu nilikuwa nimeusafirisha ugonjwa. Trei za mayai nazo huzunguka kutoka banda hadi banda bila kuoshwa, na hilo pia sijaona likiulizwa na yeyote.

Pili, chanjo ya mdondo, ugonjwa mwingine wa kuku, tunaijua. Ile inayotengenezwa Kibaha hutiwa tone moja jichoni, na kijana wa kijiji akifundishwa asubuhi, mchana anaweza kuwachanja kuku wa mtaa mzima. Chanjo nyingi za mafua ya ndege hudungwa sindano, ndege mmoja baada ya mwingine. Anayepanga kwa kompyuta akumbuke kwamba kuku wa kienyeji hulala juu ya mti.

Mchangiaji wa pili, mwalimu wa takwimu

Mimi napinga kwa upole lakini kwa uthabiti. Mleta hoja anadhani tatizo ni uhaba wa takwimu, na kwamba takwimu zikipatikana modeli itakuwa salama. Uingereza mwaka 2001 ilikuwa na takwimu za mifugo ambazo nchi nyingi zingezitamani, ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka, na wataalamu wa modeli kutoka vyuo vyenye heshima wakaishauri serikali iwaue si wanyama wa mashamba yaliyoambukizwa tu, bali na wa mashamba yanayopakana nayo. Zaidi ya wanyama milioni 6 waliuawa. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana kama uchinjaji ule wa majirani ulihitajika, maana wapo madaktari wa mifugo wanaoshikilia kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla uchinjaji huo haujashika kasi, na kwamba hesabu ziliuchukulia umbali kuwa ndiyo hatari yenyewe, zikasahau mto, ukuta na uangalifu wa mkulima mmoja mmoja. Kosa halikuwa la kukosa namba. Modeli ilipata mamlaka kuliko mtu aliyesimama shambani, na kwa kuwa ilizungumza kwa hesabu, mkulima hakuwa na lugha ya kuijibu.

Kwa hiyo namuuliza mleta hoja: siku modeli itakaposema wilaya fulani isichanjwe kwa sababu mchango wake katika mlipuko ni mdogo, nani atakwenda kuwaambia wafugaji wa wilaya hiyo, na wao watatumia njia gani kulikataa jibu hilo?

Mleta hoja

Nawashukuru nyote wawili. Ndugu mfugaji, ulilolieleza ndilo pengo kubwa kuliko yote, na sikulipa uzito lililostahili. Uuzaji wa haraka hubadilisha hesabu yenyewe: shamba ambalo modeli inadhani limejifunga linakuwa limepeleka ndege katika masoko matatu kwa siku moja. Tena fidia si suala la huruma peke yake. Mfugaji anayefidiwa kwa haki huripoti mapema, na siku zinazookolewa hapo zinaweza kuwa na thamani kuliko duru nzima ya chanjo. Modeli inaweza kuzilinganisha njia hizo mbili kwa fedha ileile, ikiwa tu kuna mtu wa kuwauliza wafugaji, bila kuwatishia adhabu, wanafanya nini kuku wanapoanza kufa.

Ndugu mwalimu, mfano wa 2001 ni mzito nami siukwepi. Tofauti ninayoiona ni kwamba modeli ile ilitumika ugonjwa ukiwa tayari umewaka, wakati hapakuwa na nafasi ya kubishana, ilhali chanjo hupangwa kabla, na muda wa kubishana upo tukiutaka. Ndiyo maana nashikilia kwamba dhana zote zilizoingizwa ndani ya modeli zichapishwe kwa lugha ambayo mfugaji anaisoma: tumedhani kuku wa nyumbani hukaa miezi mingapi, tumedhani mchuuzi hupita mabanda mangapi kwa siku, tumedhani sindano hufanikiwa mara ngapi. Mfugaji hahitaji kujua hesabu ili aseme kwamba mchuuzi hupita mabanda 15 na si 3. Hiyo ndiyo lugha yake ya kujibu, na wilaya inayoachwa inapaswa kuipata kabla ya uamuzi. Sikubali, hata hivyo, kwamba tukiiacha modeli tutakuwa huru na dhana. Anayeamua kugawa dozi sawa kwa kila wilaya amedhani kwamba hatari ni sawa kila mahali, ila hakuiandika popote, wala hakuna wa kumuuliza.

Suala hili si geni kwetu. Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, kandokando ya Ziwa Victoria, na virusi vya H5N8, aina nyingine ya mafua makali ya ndege, vikathibitishwa. Nchi jirani zikafunga milango kwa kuku wa Uganda. Mwishoni mwa mwaka huohuo vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa upande wa Tanzania huko Namanga, na hofu ya mafua ya ndege ikatajwa kuwa sababu. Sizilaumu serikali kwa kuogopa. Nasema tu kwamba nchi isiyojua njia za ndege wake hubaki na chombo kimoja, nacho ni kufunga kila kitu, na anayeumia ni mama aliyekopa kwa ajili ya vifaranga 200.

Pale fedha ya kwanza inapopatikana, ningeipeleka kwenye masoko ya ndege hai kabla ya kununua hata dozi moja. Hong Kong ilianza mwaka 2001 kufunga masoko yake siku moja kila mwezi ili yasafishwe, na virusi vya mafua vilivyokuwa vikipatikana kwa ndege wa masokoni vikapungua. Hatua hiyo iliwezekana kwa sababu watu walikuwa wamekwenda sokoni mara kwa mara kuchukua sampuli na kujua ndege wanatoka wapi. Naomba wachuuzi na wauzaji wanaosoma hapa watusaidie jambo moja ambalo kila modeli italihitaji: kuku akishaingia kwenye tenga, hukaa humo siku ngapi kabla ya kuuzwa, na wale wasiouzwa jioni hurudishwa wapi?