Kibao cha Babu

Kikundi: WA MUHEZA 🍊

JUMATATU

19:38 Mwanaidi: Shikamooni wote. Kibao cha Babu hakiwaki tangu Ijumaa. Kila nikipita barazani ananiuliza kama nimeshawaambia. Basi nimewaambia.

19:40 Shabani: Marahaba mwanangu. Kibao kipi, kile kishikwambi?

19:41 Mwanaidi: Siyo kishikwambi baba mdogo. Kile cha kusomea vitabu alicholetewa na shangazi

19:41 Mwanaidi: [picha]

19:43 Shabani: Mbona kinawaka? Naona picha ya kalamu hapo kwenye kioo

19:44 Mwanaidi: Picha ipo, ila ukibonyeza kitufe haiondoki. Ukigusa kioo, kimya

19:44 Shabani: Kimestaki hicho. Kipige kofi kidogo mgongoni

19:45 Zuhura: Kaka, thubutu! Kitu nimekipakata toka Muscat mpaka Muheza, sikukiweka hata kwenye begi la chini

19:47 Rashidi: Asalaam aleikum. Msikipige jamani. Kioo cha hivi vitu kina glasi nyembamba kwa ndani. Inapasuka na juu huoni ufa, unaona mistari tu. Viwili vimeletwa hapa dukani hivyohivyo, vimerudi hivyohivyo.

19:49 Rashidi: Na hiyo picha isiwadanganye. Kioo chake si kama cha simu. Ndani kuna chembe nyeusi na nyeupe, ndogo mno, umeme unazisukuma hizi juu hizi chini. Zikishakaa zimekaa. Betri ikifa kabisa picha ya mwisho inabaki palepale, hata mwezi.

19:50 Shabani: Kwa hiyo ni maiti iliyofumbua macho

19:50 Zuhura: Astaghfirullah 😂

19:56 Babu: Wanangu, nimesoma maelezo ya Rashidi. Kwa lugha ya darasani: maandishi kubaki ubaoni si ushahidi kwamba mwalimu bado yumo. Naomba pia ifahamike kuwa tangu Ijumaa nimemwacha askari wa kwenye kitabu changu nje ya mlango, mkono uko kwenye komeo.

19:57 Rashidi: Shikamoo Babu. Tutamfungulia in shaa Allah. Mwanaidi, shika kitufe cha kuwashia, usikiachie mpaka uhesabu 40

19:58 Mwanaidi: Tayari. Hamna kitu

19:58 Rashidi: Dakika haijaisha toka nimekutumia 🤨

19:59 Babu: Amehesabu kama anayekimbizwa na nyuki. Nitahesabu mimi.

20:02 Babu: Arobaini kamili kwa saa ya ukutani. Hakuna kilichotokea.

20:03 Rashidi: Sawa. Basi tusihangaike na kitufe, twende kwenye chaji. Mnachajia nini?

20:05 Mwanaidi: Waya wa redio ya Babu

20:05 Rashidi: Ule mweusi wa kwenye redio ya jua? 😩

20:06 Mwanaidi: Ndiyo. Ule wa shangazi uliliwa na panya

20:06 Zuhura: Ndiyo nasikia leo

20:08 Rashidi: Ule wa redio ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na kichwa chake kimelegea. Tafuta waya mwingine wa tundu la zamani, lile dogo lenye mabega. Wa simu yako hauingii, usiulazimishe. Wa kitochi cha Bibi unafaa. Kichwa cha chaja cha kawaida cha simu kinatosha, ampea 1 au 2.

20:09 Shabani: Mimi nina chaja ya mwendokasi huku, wati 65, kwa nusu saa ingekuwa imejaa

20:10 Rashidi: Mjomba, kibao kitakunywa kile kinachokiweza tu. Huwezi kumnywesha mtoto kwa ndoo

20:13 Mwanaidi: Wa kitochi unaingia ila haufiki mwisho. Kuna kitu ndani

20:13 Mwanaidi: [picha]

20:15 Rashidi: Hizo nyuzi nyekundu ni za nini?

20:16 Mwanaidi: Kanga. Bibi alikishonea mfuko kwa kipande cha kanga, ndiyo zimechambuka

20:18 Rashidi: Mfuko mzuri mashallah ila unachangia. Chukua kijiti cha meno, cha mti, siyo sindano wala pini. Kwangua taratibu pembeni, vuta nje. Katikati kuna kijiulimi, usikiguse, kikivunjika ndiyo safari ya Kariakoo. Na usipulize kwa mdomo, mate yanaingia

20:19 Zuhura: Si angekiweka kwenye mchele usiku mmoja? Simu yangu ilipona hivyo

20:20 Rashidi: Mama, simu yako iliingia maji, na mchele ulisingiziwa tu. Hiki hakijalowa. Huko tutaongeza unga wa mchele juu ya nyuzi za kanga

20:20 Zuhura: Haya fundi wangu niliyekuzaa

20:29 Mwanaidi: Zimetoka!! Bonge zima, kama kope. Waya umeingia mpaka "tak". Na taa ndogo imewaka pale chini

20:29 Rashidi: Rangi gani?

20:30 Mwanaidi: Ya chungwa

20:31 Babu: Chungwa la wapi? Chungwa la Muheza huiva likiwa la kijani.

20:32 Rashidi: 😂😂 Babu ameuliza la maana. Ya njano iliyoiva ni kwamba linaingia chaji. Likishajaa ndiyo linakuwa la kijani, la Muheza. Sasa kiacheni. Betri iliyokauka hivyo mwanzo inapokea kidogo kidogo, nusu saa nzima au zaidi kioo kinaweza kisionyeshe chochote. Msibonyeze. Kilale kwenye chaji mpaka asubuhi

20:33 Babu: Nami nalala. Askari avumilie.

JUMANNE

06:09 Mwanaidi: Taa imezima. Kibao vilevile, kalamu ileile 😔 Nawahi shule, nitarudi saa kumi

06:40 Shabani: Nilisema mimi. Hiyo betri imekwisha, au ubao wa ndani umeungua

06:41 Shabani: Hivi vitu vya kusoma tu havina maisha. Angenunuliwa simu kubwa

06:55 Zuhura: Baba, usijali. Mwezi ujao kuna mtu anakuja huko, nitakutumia kingine

07:20 Babu: Ahsante mwanangu, ila usinunue. Simu inanichoma macho. Hiki nakuza herufi mpaka ziwe kama za ubaoni, ukurasa mmoja unachukua maneno 50, nami sina haraka. Tukizike tukishajua kimekufa na nini.

12:48 Rashidi: Ndiyo nimepata nafasi, wateja wengi. Babu yuko sahihi, tusitangaze msiba. Kwanza tujue kilikaukaje. Kinatakiwa kikae wiki kadhaa kwa chaji moja. Kuna mtu alikifanyia kitu karibuni?

12:50 Zuhura: Mimi nilikiacha kizima kabisa, vitabu 12

12:58 Rashidi: Mjomba?

13:15 Rashidi: Mjomba naona umesoma

13:17 Shabani: Nilimwekea vitabu viwili vitatu siku ya Idd

13:17 Rashidi: Vingapi?

13:21 Shabani: Mia tisa na kitu. Flashi ilikuwa imejaa, ningeanza kuchagua?

13:22 Zuhura: KAKA

13:26 Rashidi: Sawa, hapo tumepata kimoja. Ukikimwagia vitabu kwa mpigo hakilali. Kinafungua kimoja kimoja kinasoma kila neno, ili Babu akitafuta jina kilipate haraka. Mia tisa ni kazi ya usiku na mchana, betri inaisha wakati wewe unaona kimetulia. Na kimoja kikiwa kibovu kinaweza kunasa hapohapo, kinarudia kitabu hicho hicho tu. Vinawekwa kumi, kesho kumi.

13:28 Shabani: Hayo hayakuandikwa popote

13:40 Babu: Ndiyo maana nilikuta vitabu vya mapishi ya Kijerumani. Nikadhani Zuhura ananitumia ujumbe.

13:41 Zuhura: 😂😂😂 Baba jamani

16:22 Mwanaidi: Nimerudi. Bado kalamu

16:24 Rashidi: Nisikilize vizuri. Jana ulikichomeka saa ngapi?

16:24 Mwanaidi: Saa mbili na nusu usiku

16:25 Rashidi: Leo asubuhi taa ilikuwa ya kijani au haipo kabisa?

16:25 Mwanaidi: Haipo kabisa. Na kwa huo mfuko mtu haoni taa mpaka auvue

16:26 Rashidi: Kikijaa taa inabaki kijani maadamu waya umechomekwa. Isipokuwepo ni kwamba umeme haufiki. Usiku ulikatika?

16:27 Mwanaidi: Hapana, friji iliunguruma mpaka alfajiri

16:28 Rashidi: Angalia swichi ya ukutani, pale pale ulipochomeka

16:31 Mwanaidi: Iko juu 😳

16:31 Mwanaidi: Mimi jana niliibonyeza chini. Wallahi niliibonyeza chini

16:32 Rashidi: Nani analala wa mwisho hapo nyumbani?

16:40 Shabani: Mbona kimya

16:44 Mwanaidi: Bibi anataka kuongea

16:45 Mwanaidi: [ujumbe wa sauti, 0:52]

16:47 Mwanaidi: Kwa mlio kazini, Bibi anasema hivi: "Mimi ikifika saa tatu nazima swichi zote, nabakiza friji. Si leo, toka umeme umeingia nyumba hii. Yuniti hazioti kama mchicha. Nikiona waya umening'inia ukutani na mtu amelala, nazima. Sasa kama huyo mgonjwa wenu ni wa kulazwa usiku mngenambia, si mngeniacha nikatangazwa kikundini kama mwizi wa kuku."

16:48 Shabani: 🙈🙈🙈

16:48 Zuhura: Mama shikamoo! Hakuna aliyekutaja

16:50 Rashidi: Shikamoo Bibi, tena hujakosea kuzima, umekosewa kuambiwa. Kumbe tangu Ijumaa kinapata nusu saa kila usiku, tena kwa waya wa redio. Mchana swichi iko juu, Babu anaona waya umechomekwa anajua kinachaji

16:52 Rashidi: Na Bibi, kwa hesabu: hiki kinakula wati 5 zikizidi sana. Masaa manne ni wati-saa 20. Yuniti moja ya umeme wa LUKU ingekichaji mara 50. Birika lako la umeme likichemsha chai ya nyumba mara moja limeshakula zaidi ya kibao kinavyokula kwa wiki

16:55 Mwanaidi: Anasema birika usilitaje, chai mnakunywa nyote mkija

16:56 Rashidi: Nimenyamaza 🤐 Mwanaidi, swichi chini SASA HIVI. Vua mfuko tuione taa

16:57 Mwanaidi: Chini. Chungwa limewaka

17:03 Babu: Nimeweka kiti changu mbele ya swichi.

17:44 Mwanaidi: KALAMU IMEONDOKA. Kioo cheupe, katikati kuna kibetri kitupu kina alama ya mshangao

17:45 Rashidi: Alhamdulillah. Hapo kinasema nina njaa, na maiti haisemi njaa. Endelea, usibonyeze

18:50 Rashidi: Sasa. Shika kitufe, 40. Babu ahesabu

18:52 Babu: Sekunde ya 38 kioo kimekuwa cheusi, kikawa cheupe, kikawa cheusi. Nimeogopa kidogo nikakiachia.

18:53 Rashidi: Ndivyo kinavyojifuta Babu, kama ubao. Kisubirini, kuwaka kwa mara hii kutachelewa

18:58 Mwanaidi: KIMEWAKAAAA 🎉🎉

18:58 Zuhura: Allahu akbar! Vitabu vipo?

18:59 Mwanaidi: Vipo. Vyote 900 na mapishi yake

19:01 Rashidi: Kabla hakijaanza kuvisoma tena, tuokoe betri: zima intaneti yake, kule kwenye alama ya ndege. Punguza mwanga, Babu mchana hauhitaji. Kesho ukichomeke kwenye kompyuta ya shule kama mwalimu ataruhusu, futa folda ya mjomba. Vile 12 vya Mama usiviguse, ingawa hata vikifutika vinashushwa tena, vimenunuliwa kwa akaunti yake

19:02 Shabani: Basi na shukrani hamna. Mle kuna vitabu vizuri tu

19:03 Rashidi: Babu atavichagua kumi mjomba. Na mfuko wa kanga ubaki, ila Bibi aukunje ukingo upande wa tundu, apitishe uzi tena

19:05 Mwanaidi: Anasema ameshautoa miwani ipo wapi

19:06 Rashidi: ??

19:06 Mwanaidi: Ameshautoa, anaushona. Anauliza miwani yake iko wapi 😂

19:10 Mwanaidi: Kaka saa ya kibao imepotea, kinasema saa tisa usiku

19:11 Rashidi: Kawaida betri ikikauka. Siku ukikiwasha intaneti itajirekebisha yenyewe. Si lazima leo, tunza bando

19:34 Zuhura: Baba mbona kimya? Umefika wapi?

20:12 Zuhura: Baba?

20:13 Mwanaidi: Hasikii shangazi. Kakaa palepale kwenye kiti mbele ya swichi, waya umechomekwa, miguu juu ya stuli

20:47 Babu: Samahanini, sikuona simu. Askari ameingia. Hakuja kumkamata mtu, alikuja kuomba maji.

20:58 Mwanaidi: Bibi kasimama mbele ya Babu na uzi mkononi. Anauliza hiki kiti kinahama saa ngapi, maana saa tatu hiyo