Naomba ushauri: kupima usahaulifu wa wazee Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Lamu. Tunataka kujua ni wazee wangapi mtaani wana ugonjwa wa kusahau. Tulianza na MMSE, kile kipimo cha alama 30: kinauliza tarehe, kinataka mtu aandike sentensi. Jana bibi mmoja alinijibu tarehe ya Mfungo Tatu, mwezi wa Kiislamu, sahihi kabisa, na karatasi ikampa sufuri. Skuli hakwenda, lakini Yasini anaisoma kwa moyo na bamvua, yale maji makuu ya bahari, anajua litaingia lini. Kumhesabu mgonjwa ni kumdhulumu. Nikiuliza watoto wa wazee hawa, hunambia "ni uzee tu".

Je, kipimo cha IDEA cha Tanzania kitawafaa zaidi wasiosoma? Na mtoto nimuulize vipi asione namvunjia mzazi wake heshima?