Jengo lilikuwa na notisi kabla hatujalipa kodi: kwa nini mpangaji wa Dodoma haruhusiwi kuona jalada la nyumba anayopanga?

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wapangaji wa jengo moja la ghorofa nne hapa Dodoma, nikiwamo mimi na familia yangu, tumepewa notisi ya kuhama kwa sababu ghorofa mbili za juu zilijengwa bila kibali na jengo zima halijathibitishwa kuwa salama. Sipingi kuondolewa kwenye jengo la namna hiyo, na mkaguzi aliyetoa amri alifanya kazi anayolipwa kuifanya. Ninacholalamikia ni tarehe. Barua ya kwanza ya kumzuia mwenye jengo asiendelee kujenga wala kuingiza watu, ambayo tulionyeshwa nakala yake baada ya kupiga kelele sana, iliandikwa zaidi ya mwaka mmoja kabla yeyote kati yetu hajasaini mkataba. Maana yake, siku tulipokuwa tunamhesabia kodi ya miezi sita, yeye alijua na ofisi iliyomwandikia ilijua. Wasiojua walikuwa sisi tuliokuwa tunakwenda kulala chini ya zege hilo pamoja na watoto wetu.

Na mtu asije kusema kwamba hatukuuliza. Kabla sijalipa nilimwomba mwenye jengo anionyeshe kibali cha ujenzi, akanijibu, "Kwani wewe unanunua au unapanga?" Dalali, ambaye alikuwa ameshachukua hela yake ya kuonyesha nyumba na anasubiri ile ya kodi ya mwezi mmoja, alinivuta pembeni akaniambia kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani, na kwamba maswali ya namna hiyo huwaudhi wenye nyumba. Nikaenda kwenye ofisi inayohusika nikiwa na namba ya kiwanja na jina la kitalu. Mtumishi wa pale alinipokea vizuri, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwamba jalada ni la mwenye kiwanja, hivyo nirudi na barua ya mwenye kiwanja inayoniruhusu kulisoma.

Kauli hiyo ndiyo iliyonikera kuliko mambo mengine yote ya sakata hili. Jalada la ujenzi lilifunguliwa kwa sababu Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka anayejenga mjini aombe kibali kwanza, na kibali kiliwekwa ili kumlinda atakayeishi ndani ya jengo, atakayepita chini yake na jirani aliyepakana nalo. Humo ndimo ilimo michoro ya mbunifu na ya mhandisi, idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, taarifa za wakaguzi waliokwenda kuangalia msingi, nondo na zege, pamoja na barua za zuio pale mwenye jengo alipokiuka. Mshahara wa mkaguzi unatokana na kodi yangu na yako. Ukaguzi umefanyika kwa jina letu, kasoro zimeandikwa kwa ajili ya usalama wetu, halafu taarifa yenyewe anakabidhiwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye anayefaidika ikifichwa.

Anayenunua kiwanja au nyumba ana njia yake. Anafanya upekuzi kwa msajili wa hati, analipa ada, anaelezwa mmiliki ni nani na kama hati imewekwa rehani au ina zuio. Mpangaji hana upekuzi wowote anaoweza kuufanya kuhusu jengo, ingawa katika mji huu uliojaa watumishi waliohamishwa na wanafunzi wa vyuo, mpangaji ndiye mkazi wa kawaida kabisa. Hata akiilipia hiyo ada ya upekuzi wa hati, karatasi atakayopewa haisemi neno lolote juu ya nguzo, ngazi wala maji taka.

Tunachobaki nacho ni macho, na macho hudanganywa kwa rangi. Baada ya notisi kutoka, mlinzi alitupeleka nyuma ya kibanda chake akatuonyesha bango la bati la wakati wa ujenzi, lile ambalo husimamishwa mbele ya eneo la mradi likiwa na namba ya kiwanja na majina ya wataalamu. Alikuwa amepewa alitumie kukinga upepo. Limeandikwa kwa herufi zinazosomeka vizuri kabisa kwamba ni jengo la makazi la ghorofa mbili, na mahali palipokuwa na jina la mkandarasi pamepakwa rangi nyeupe. Ukutani, upande wa karo, tuliona mkono wa alama ya X nyekundu ukichungulia chini ya rangi mpya. Aliyeifuta alipaka mkono mmoja tu, na jua la Dodoma likaibandua rangi yake. Wakazi wa zamani hawahitaji kuelezwa maana ya alama hiyo, kwa kuwa waliizoea tangu enzi za CDA, mamlaka iliyousimamia mji huu kuanzia mwaka 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kuhamishiwa halmashauri.

Ngazi ni moja kwa jengo zima, na chini yake kuna geti la nondo linalofungwa kwa kufuli saa nne usiku, ufunguo akabaki nao mlinzi. Mtungi wa kuzimia moto upo ukutani ghorofa ya kwanza, lakini karatasi yake ya ukaguzi ilikwisha muda kabla hatujahamia. Katika chumba cha watoto wa jirani yangu kuna ufa ulioanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari hadi karibu na sakafu, mpana kiasi cha kupitisha ncha ya kidole. Fundi wa mwenye jengo alisema ni plasta. Huenda ni plasta kweli, lakini mji huu uko katika ukanda wa Bonde la Ufa na mitetemo ya ardhi tunaisikia, na sehemu zetu za mbuga zina udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Mpangaji hawezi kutofautisha ufa wa plasta na ufa wa bimu kwa kuutazama. Mhandisi anaweza, na katika jengo letu alishakwenda, alishatazama na alishaandika.

Nani asiyejua madhara ya ghorofa zinazoongezwa kinyemela? Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, na ikaelezwa hadharani kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10 wakati jengo lilikuwa limefika ghorofa 16. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka la Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na tume ikaundwa kukagua majengo ya eneo hilo. Tume huundwa baada ya mazishi. Mimi ninaomba taarifa ambayo tayari imeandikwa, na ninaiomba nikiwa hai.

Kuna mahali jambo hili limefanyika na ardhi haikupasuka. Jijini New York, Marekani, idara ya jiji inayosimamia nyumba inaweka kwenye intaneti makosa yote iliyoyaandika dhidi ya kila jengo la kupangisha. Mtu yeyote anaandika namba ya nyumba na jina la mtaa, halipi chochote, haombi ruhusa ya mwenye nyumba, na anaona kosa liliandikwa lini na kama limeshafungwa. Makosa yamegawanywa katika madaraja matatu: A ni yasiyo ya hatari, na mwenye nyumba hupewa siku 90 kuyarekebisha, B ni ya hatari, siku 30, na C ni ya hatari ya papo hapo, ambayo baadhi yake, kama kukosekana kwa joto wakati wa baridi, hutakiwa kurekebishwa ndani ya saa 24. Zaidi ya hapo, mwenye nyumba wa huko analazimika kumpa mpangaji mpya karatasi inayoeleza kama jengo limewahi kuwa na kunguni katika mwaka uliotangulia. Kunguni! Na mimi nimenyimwa taarifa kwamba ghorofa niliyopangishiwa haimo kwenye kibali.

Nimeshajibiwa na watu kwamba sisi hatuna mifumo ya namna hiyo. Ninakataa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na kila mwezi mpangaji anaponunua umeme anaona kiasi kinachokwenda serikalini kwa ajili ya jengo ambalo si lake. Ili makato hayo yafanyike ilibidi mita ihusishwe na jengo, na aina ya jengo ijulikane, kwa sababu nyumba ya kawaida na ghorofa hazitozwi sawa. Serikali iliyoweza kulitambua jengo langu kwa ajili ya kukusanya kodi inaweza kulitambua kwa ajili ya kunieleza kama lina notisi.

Wapo pia wanaosema kwamba tukiweka kasoro hadharani, nyumba zitapungua na kodi itapanda zaidi, kwa maana tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 mahitaji ya makazi yamekuwa makubwa na kila mwenye kiwanja anakimbilia kujenga. Hoja hiyo ninaielewa, na watu wanaoitoa wengi wao ni wapangaji wenzangu wanaohofia kukosa pa kuishi. Lakini mwenye nyumba aliyejenga kwa kibali, akaajiri mhandisi aliyesajiliwa na akasubiri ukaguzi, leo anashindana sokoni na yule aliyerusha ghorofa mbili usiku usiku na kuzipaka rangi, na wote wawili wanaonekana sawa machoni pa mteja. Mwenye nyumba mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika siku mpangaji atakapoweza kuona tofauti.

Kuhusu fedha zetu, mwenye jengo anashikilia kifungu cha mkataba kinachosema kodi ikishalipwa hairudishwi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaihesabu kila nyumba ya kuishi inayopangishwa kuwa imepangishwa kwa ahadi kwamba inafaa binadamu kuishi ndani yake, hata kama mkataba wenyewe umekaa kimya, kwa hiyo suala hilo tumelipeleka kwenye usuluhishi wa Baraza la Kata, na likishindikana tutakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sitalijadili zaidi hapa.

Ninachotaka kijadiliwe hapa ni jalada. Ninataka halmashauri za miji, kuanzia hii ya makao makuu ya nchi, ziwe na orodha iliyo wazi inayotafutwa kwa namba ya kiwanja na kitalu, ikionyesha kibali kilitolewa kwa ghorofa ngapi, kama jengo limepewa ruhusa ya kutumika, kama Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limelikagua, na kama kuna notisi ambayo haijafungwa. Jina la mmiliki lisiwekwe kama faragha ndiyo inayohofiwa. Sisi tunaulizia jengo. Na barua ya zuio inapotolewa, nakala yake ibandikwe getini siku hiyo hiyo, na nyingine ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa ndiye anayetuandikia barua za utambulisho na mara nyingi ndiye anayegonga muhuri kwenye mikataba yetu ya pango. Mwenyekiti wetu wa mtaa ametuambia mbele ya wapangaji wote kwamba hakuwahi kuiona ile barua ya kwanza, na nina kila sababu ya kumwamini, maana naye mwanawe alikuwa amepanga chumba ghorofa ya tatu.

Wakati orodha hiyo haipo, tunatumia njia iliyopo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Wapangaji wa jengo letu tumeandika ombi la pamoja tukitaka nakala ya kibali, taarifa za ukaguzi na notisi zote, na tumelipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Wenzetu wa Nkuhungu, Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu na kwingineko mnaoishi kwenye maghorofa mapya, au mnaotaka kuhamia, andikeni ombi kama hilo kabla ya kulipa, na msikubali kujibiwa kwa mdomo. Aliyewahi kupewa jibu la maandishi, liwe la kukubaliwa au la kukataliwa, naomba aliweke hapa akiwa amefuta majina na namba za simu, ili tujue ni kifungu kipi kinachotumika kutunyima.