Kuprinti kutoka kompyuta ya ofisini hadi printa ya nyumbani: njia ipi inafaa?

Mhasibu_Tabata
Wakuu habari za jioni. Nafanya kazi nyumbani, naingia kwenye seva ya ofisi kwa Remote Desktop (programu ya Windows ya kutumia kompyuta iliyo mbali). Ankara zinatengenezwa kule, karatasi nazihitaji huku. Printa yangu ni ya wino, imechomekwa kwenye laptop kwa USB. Kwa sasa nahifadhi PDF, najitumia kwa barua pepe, napakua, ndipo naprinti. Mwisho wa mwezi kazi hii inakula jioni nzima. Nasikia kuna AnyDesk (nayo ni ya kuendesha kompyuta kwa mbali), VPN (njia ya siri ya kuunganisha vifaa kupitia intaneti), na printa zinazopokea barua pepe. Nichukue ipi? Natumia bando la simu.

Fundi_Seva
Mkuu, usinunue kitu. Remote Desktop yenyewe inaweza kubeba printa yako. Kabla hujaunganisha, bonyeza "Show Options", ingia "Local Resources", weka tiki kwenye "Printers". Ukishaingia kwenye seva, fungua orodha ya printa: utaiona ya kwako, jina lake likiishia na neno "redirected". Tangu Windows Server 2008 kuna kitu kinaitwa Easy Print, kwa hiyo seva haihitaji draiva (programu inayoiendesha printa) ya printa yako. Laptop ndiyo inayotumia ya kwake. Usipoiona, muulize msimamizi wa seva. Ofisi nyingi huizima makusudi ili nyaraka zisitoke nje, na hilo ni haki yao. Usitafute njia ya kuwazunguka.

Bint_Kisauni
Naunga mkono, ila bando uliangalie. Ankara ya maandishi matupu inapita haraka. Ikiwa na skani au picha nzito, kazi inayotumwa kwa printa huvimba kuliko ile PDF yenyewe, na mtandao ukiwa wa kusuasua utakaa unaitazama printa kimya. Kwa hizo nzito, PDF bado inashinda. Badala ya barua pepe, ihifadhi kwenye folda ya OneDrive au Google Drive, kama ofisi inaruhusu, ishuke yenyewe kwenye laptop.

AnyDesk na TeamViewer nazo zinaprinti kwa mbali, lakini kwa kazi ya ofisi zinataka leseni ya kulipia. Kwa nini ulipie kitu ambacho tayari unacho?

Kijana_wa_Mwanza
Si kuna Google Cloud Print, ile huduma ya Google ya kuprinti kupitia intaneti?

Fundi_Seva
Ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, mdogo wangu.

Mtandao_Bila_Waya
VPN ina maana pale ambapo wewe haupo nyumbani na unataka karatasi itoke huko, mama watoto aichukue. Mitandao ya simu kwa kawaida inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo huwezi kuifikia ruta yako moja kwa moja kutoka nje. Tailscale, ambayo ni aina ya VPN, inalivuka tatizo hilo. Ila haiwekwi ndani ya printa. Unahitaji kifaa kinachowaka muda wote pale nyumbani, kama Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), kiwe mlango wa kuifikia printa ya WiFi. Na uiongeze printa kwenye kompyuta yako kwa anwani yake ya IP, maana ile ya printa kujitokeza yenyewe kwenye orodha haipiti kwenye VPN.

Nawasihi sana: mtu asifungue mlango (port) wa 9100, ambao printa hupokelea kazi za mtandaoni, kwenye ruta ili aifikie kutoka nje. Mlango huo hauulizi nywila. Yeyote atakayeukuta ataprinti anachotaka.

Printa inayopokea barua pepe, mfano Epson zenye Email Print, ni rahisi zaidi, lakini faili linapitia seva za watu wengine. Ankara za wateja sizipeleki huko.

Mhasibu_Tabata
Asanteni sana. Msimamizi amekubali kuifungua, nimeiona ikiwa na "redirected", na ankara za kawaida zinatoka vizuri. Zenye viambatisho vya skani nitazipitisha kwenye folda.

Fundi_Seva
Safi. Usitoke kwenye seva kabla foleni haijaisha. Printa hiyo inaishi ndani ya kikao chako tu. Ukikata mapema, kurasa zilizobaki zinaweza kupotea.