Brashi za pindo la kanga: Illustrator, Inkscape au Affinity?

Mchoraji_Tanga: Wakuu, nataka kutengeneza brashi zangu za vekta, yaani nachora mstari tu, maua yanajipanga juu yake; nimechoka kunakili ua moja moja. Kuna programu tatu za kuchorea: Illustrator ya kulipia kila mwezi, Inkscape ya bure, na Affinity. Naamua mwisho wa mwezi. Nichukue ipi?

kona4: Ya kazi gani? Hujasema kompyuta gani, RAM ngapi, wala kazi inaishia wapi: kitambaa, stika au simu.

Mchoraji_Tanga: Windows, RAM GB 8. Ni pindo za kanga, faili linaenda kwa mchapaji.

kona4: Basi Illustrator. Pattern Brush yake ina vipande vitano: ubavu, kona ya nje, kona ya ndani, mwanzo na mwisho. Ukichora mstatili, pindo linajipanga lenyewe na kona zake. Ila usitie gradienti (rangi inayofifia kuingia nyingine), itakataa. Chora kwa nyeusi, kwenye mpangilio wa rangi wa brashi chagua Tints, rangi utabadilisha upendavyo.

Bi_Zaituni: Acheni kulipia programu kila mwezi kama kodi ya nyumba jamani. Inkscape: chora umbo, nakili, shika penseli, chagua Shape: From clipboard. Kisha kwenye Path Effects weka Repeated, umbo lijirudie mstari mzima.

kona4: Na kwenye kona, bibi? Ua linapindishwa vibaya.

Bi_Zaituni: Kila upande nachora peke yake, ua la kona naweka kwa mkono. Kanga ina kona nne, si arobaini.

wino_mzito: Yalinikuta kwa duka moja la kuchapa, silitaji. Bango la harusi, pindo lote la brashi. Wakalifungua kwa programu nyingine bila kuniuliza, majani yote yakatoweka, ukabaki mstari mwembamba. Wakachapa hivyo hivyo! Nafuata mzigo, harusi kesho, naambiwa "faili ndivyo lilivyokuja". Hela hawakurudisha. Siku hizi, Illustrator napiga Expand Appearance, Inkscape Object to Path, brashi igeuke maumbo ya kawaida, ndipo natuma. Nakala yenye brashi nabaki nayo.

fundi_stika: Affinity brashi zake ni picha za pikseli zinazovutwa juu ya mstari. Kwa kitambaa zinapendeza, zina mguso wa chaki. Kwa mashine ya kukata stika, inayofuata mistari ya vekta, sahau.

dogo_wa_bure: Mbona programu zilizochakachuliwa zipo, za bure?

Bi_Zaituni: Na virusi juu, nyongeza.

wino_mzito: Mchapaji wako anatumia nini? Wengi huku wanatumia CorelDRAW, programu nyingine ya kuchorea.

Mchoraji_Tanga: Sijamuuliza.

fundi_stika: Muulize leo. Na jina la kanga, yale maneno yake, umeshapata?

Bi_Zaituni: Jina tuachieni sisi. Leteni picha ya mji, ile sehemu ya katikati, kwanza.