Mjadala: Hela ya taa na miti ya mtaa ikatwe kwenye jengo, lakini ibaki mtaani?

Mtoa mada (Kimara, Dar es Salaam)

Wakuu, habari zenu. Naomba tujadili nani alipie taa za mitaani na miti ya kandokando ya barabara zetu, na alipie kwa njia gani.

Fungua meseji ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya mwanzo wa mwezi. Pamoja na tokeni utakuta VAT asilimia 18, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, ya REA (umeme vijijini) asilimia 3, halafu kodi ya jengo. Hii ya mwisho ilianza kukatwa kwenye mita Agosti 2021: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Tangu Julai 2023 ni 1,500 na 7,500. Zamani halmashauri ndizo zilizoikusanya, mpaka 2016 kazi hiyo ilipohamia TRA (Mamlaka ya Mapato). Hata fungu lake likirudi halmashauri, linarudi kama bajeti ya wilaya nzima. Mwenye nyumba wa huku Kimara hawezi kunyoosha kidole kwenye nguzo yoyote akasema hii imewashwa na kodi ya jengo langu.

Hapo hapo mtaani tunachanga ulinzi shirikishi na tunalipa hela ya taka, na hizo hatuzigombanii sana kwa sababu tunaona nani anapita na filimbi usiku na gari la taka linafika siku gani. Watu hulipa wanachokiona.

Napendekeza sheria iruhusu mtaa, kupitia mkutano mkuu wa mtaa, kujiwekea mchango wa taa na miti unaotozwa jengo, kwa kura ya wenye majengo, hela ikae kwenye akaunti ya mtaa huo na isihamishwe kwenda kazi nyingine.

Wenzetu wa California, Marekani, wana sheria ya namna hii tangu 1972, mahususi kwa bustani na taa. Mji unachora mpaka wa eneo, kila mwaka mhandisi anaandika ripoti ya gharama, na kila kiwanja kinapangiwa sehemu yake kulingana na faida kinayopata. Mwaka 1996 wapiga kura wakaikaza zaidi kupitia Pendekezo la 218: mwenye kiwanja anatumiwa karatasi ya kura kwa posta, kura inapimwa kwa kiasi atakachotozwa, na wanaopinga wakizidi wanaokubali mchango unakufa. Tena gharama ya faida ya watu wote, mathalani ya wapita njia wa kawaida, haruhusiwi kubebeshwa mwenye kiwanja. Ikabidi miji iitoe kwenye mifuko yake mingine.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Taa ya LED ya wati 60 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula yuniti 21.6 kwa mwezi. Kwa bei ya T1 (kundi la matumizi ya kawaida), takriban shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi, ni chini ya 8,000. Chukua mtaa wenye nyumba 80, kila moja itoe 1,500: inapatikana 120,000 kwa mwezi. Taa 12 zinawaka na inabaki akiba ya kubadilisha balbu na kumwagilia miche wakati wa kiangazi. Nguzo na nyaya hela hii haiwezi, nakiri mapema. Hizo ziletwe na Serikali au miradi, kama mradi wa DMDP wa kuendeleza jiji ulivyofanya kwenye baadhi ya barabara za Dar kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ila miradi ikishafunga mahesabu, taa zinabaki bila mwenyewe. Ya sola betri yake ikichoka, nguzo inasimama pale kama pambo kwa miaka. Pengo la matunzo ndilo nalotaka tulizibe.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza (mpangaji, Tabata)

Mkuu, umeandika vizuri lakini umemruka mtu mmoja. Mita ninayonunulia umeme ni ya mwenye nyumba, kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, na hela ni yangu. Ilipoanza 2021 tuliambiwa tukae na wenye nyumba tukubaliane turudishiwe. Nani hapa amerudishiwa? Kwetu tuko wapangaji wanne kwenye mita moja. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa, kwa hiyo watu wanaviziana tarehe mosi, mpaka mmoja mwenye mtoto mchanga anashindwa kuvumilia giza ananunua.

Ukiongeza mchango wa taa kwa njia ile ile, ni mimi tena. Na kwenye kura yako ya wenye majengo sina hata nusu ya kura. Landilodi wangu anaishi Dodoma. Taa ikiwaka au isiwake, yeye halitembei hilo giza.

Mchangiaji wa pili (mwenye nyumba, Mbezi Beach)

Sikubaliani na mada, kwa heshima zote. Tulishalipa. Tozo za miamala za 2021 bado hatujazisahau, mpaka Serikali ikapunguza baada ya kelele. Leo tena mchango wa taa? Huku kwetu barabarani tumejichangisha wenyewe, tuna geti, mlinzi na maua, hatukuhitaji sheria. Ukiiweka kwenye sheria, kesho mtendaji anaipandisha na kesho kutwa inaenda kulipia posho. Waanze kuturudishia ile 1,500.

Mtoa mada

Dada wa Tabata, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na sitaizunguka. Ubovu mkubwa wa kodi ya sasa ni kwamba sheria inamtaja mwenye jengo na mita inamkamata mkaaji. Kwa hiyo mchango ninaousema usipite LUKU kabisa. Upite kwa ankara yenye namba ya malipo inayotoka kwa jina la mwenye jengo, na deni lisimame kwenye jengo lenyewe, kwamba asiyelipa asipate kuuza wala kuhamisha hati mpaka alisafishe. Kukusanya kutakuwa kugumu zaidi, kweli. LUKU ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi, na urahisi huo ndiyo umemlaza mwenye mtoto mchanga gizani. Kuhusu kura, nakubali nibadilishe: mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote, wapangaji wakiwemo. Wakazi waamue kama taa zinatakiwa na ziwekwe wapi, wenye majengo wapige kura ya kiwango. Wazee wa miaka 60 na kuendelea waliosamehewa kodi ya jengo kwenye nyumba wanazoishi, wasamehewe na hapa.

Kaka wa Mbezi Beach, hofu ya posho ni ya kweli, na ndiyo maana nataka akaunti iwe ya mtaa na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ofisi ya mtaa kila robo mwaka. Lakini angalia nyumba yako ya chini yenye bustani na bwawa inalipa 1,500, sawasawa na nyumba ya vyumba sita vya kupangisha kule Tandale, kwa sababu sheria inahesabu sakafu, haihesabu thamani wala upana wa kiwanja. Mchango unaohesabiwa kwa upana wa kiwanja upande wa barabara ungekuwa wa haki zaidi. Na geti lenu limewasha taa za ndani ya geti. Dada wa kazi anayetoka kwako saa mbili usiku kwenda kutafuta daladala anatembea nje yake.

California nayo haikumaliza matatizo, tusije tukaichukua nzima. Maeneo mengi yaliyoanzishwa kabla ya 1996 yaliweka kiwango kisichopanda na bei. Gharama zikapanda, wenye viwanja wakakataa nyongeza, nyasi zikakauka na taa zikapunguzwa. Kwa hiyo kiwango kifungwe kwenye mfumuko wa bei tangu siku ya kwanza, na kipewe ukomo, miaka mitano labda, kisha kura irudiwe.

Swali linalonisumbua mimi mwenyewe ni la mitaa maskini. Mtaa wa Manzese wenye nyumba zilizobanana, viwanja vyembamba na watu wengi, utatoa hela kidogo na ndio unaohitaji taa nyingi kuliko wote. Naona halmashauri ijazie pale kutoka kwenye fungu lake la kodi ya majengo, shilingi kwa shilingi. Wenye uzoefu na bajeti za halmashauri mtueleze kifungu gani kinaweza kubeba hilo.